Mwaka Tuliofuta Nyasi za Mabira

Tulipomzika Dada Editha pale Ihanda, picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilikuwa safi mno. Mpwa wake aliipiga kwa simu sebuleni, jioni, kwa taa moja ya sola, na simu yenyewe ikaamua kuisafisha bila kuulizwa na mtu. Mashavu yamelainika, shingo haina mkunjo, na kitenge chake cha maua madogo madogo kimegeuka kuwa rangi moja tu, kama ukuta uliopakwa jana. Waombolezaji walinong'ona, "Jamani, katoka vizuri." Mimi nilikuwa benchi la nyuma na hasira ambayo haikumfaa mtu yeyote pale, kwa sababu mwanamke aliyelala ndani ya lile sanduku alitumia nusu ya maisha yake kuwazuia watu wasiharibu picha kwa namna ile ile. Alianza kuwazuia mwaka mmoja ninaoukumbuka vizuri kuliko mwaka niliofunga ndoa. Nilitaka kusimama niwaeleze, lakini msibani mtu hasimami kueleza habari za kompyuta. Nimeona niandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, msaidizi wa Editha kazini. Ya wazazi wangu na ya Songambele nilikotoka nitayaacha, hayahusiki hapa. Studio ya Editha ilikuwa na vyumba viwili kando ya barabara. Cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Ihanda aliyewahi kuyaona. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha mezani, printa, na godoro langu. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na shuka tu, kwa hiyo kila neno la benchini nililisikia. Jirani alianika kahawa kwenye maturubai mbele ya mlango wetu, na msimu ukifika tulipita pembeni kwa adabu kama tunaingia kwake. Mchana tulikula katogo, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, tukiwa tumeweka sahani mbali na kibodi. Editha alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole kwa wateja, mkali kwa mashine. Wateja aliwasikiliza tu. Kompyuta ndiyo aliyoisemesha.

Nieleze chenga, maana simu za siku hizi zinazificha kabla hujaziona. Kamera ya Editha ilikuwa ya mtumba, nzuri sana mchana, lakini ukiiingiza kwenye nyumba yenye dirisha moja dogo ilibidi uilazimishe kuona, na ikilazimishwa inaleta vitone: vyekundu, vya kijani, vya kijivu, vimetapakaa picha nzima kama televisheni ya zamani antena ikigeuka. Na sherehe zetu nyingi ni za ndani. Wakwe huwezi kuwakalisha nje kwenye migomba eti mpigapicha anataka mwanga. Flashi tulikuwa nayo, ila Editha hakuitaka. "Inawafanya watu waonekane kama wamekamatwa na polisi," alisema, na kweli, nyusi juu, macho yametoka, ukuta wa nyuma giza tupu. Basi tulipiga bila flashi, tukarudi na chenga zetu. Mwalimu mmoja alirudisha picha ya kipaimara ya mwanawe akatuuliza kama mtoto alikuwa na surua.

Tatizo jingine lilikuwa mtiririko wa kazi, kama ule wetu ungeweza kuitwa mtiririko. Editha alifungua picha ya kwanza, akaiweka sawa mwanga, akaisafisha, akaikata, akaihifadhi, ndipo akafungua ya pili. Ya pili ikiwa na mtu aliyefumba macho, naye ameshaisafisha nusu ndipo anagundua, alianza kusema na kompyuta kwa Kinyambo maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Umeme ukikatika alirudia upya. Maharusi walikuwa wanapata mtoto kabla ya kupata albamu. Mimi ni mtu wa haraka, nilizaliwa hivyo, na nilikuwa na ujeuri wa umri ule. Nikamwambia, "Dada, tunapika huku tunavuna." Akacheka, akaniachia nipange ninavyoona. Nikapanga hivi: kwanza tutazame picha zote bila kugusa kitu, na mbovu tuzitupe kwenye folda moja niliyoiita Takataka. Zilizobaki, zile za chumba kimoja na mwanga mmoja, zirekebishwe kwa mkupuo. Halafu tuondoe chenga, kwenye zilizochaguliwa tu. Kukata na kunoa kuje mwisho, maana ukinoa kabla ya kusafisha unazinoa na chenga zenyewe. Mpango huo naufuata mpaka leo, isipokuwa hatua moja aliyoiongeza Editha: mteja akishachukua albamu, picha mbichi za albamu hiyo zinafutwa. Diski yetu ilikuwa ndogo na watu walikuwa wanaoana kila Jumamosi.

Ikabaki kuchagua programu ya kuondoa chenga. Tulikuwa na tatu za kujaribu, kila moja imeturuhusu muda mfupi kabla ya kufunga mlango, na tukazipa majina. Ya kwanza, iliyokuwa tayari ndani ya programu yetu ya kuhariri, tuliiita Mama wa Nyumbani: haikuwa na makuu, ilipunguza kidogo ikaacha kidogo. Ya pili tuliiita Mchapakazi. Hiyo ilikuwa na kitufe kimoja, unabonyeza, unavuta pumzi, picha imetakata. Ya tatu ilikuwa Mdadisi, kwa sababu iliuliza maswali: kiasi gani cha rangi, kiasi gani cha mwanga, usafishe wapi, uache wapi. Tena ilikuwa nzito, kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga, na ungeweza kumenya ndizi za mlo mzima kabla haijamaliza picha moja.

Picha tuliyoipimia ilitoka Mabira. Binti mmoja wa huko, Konsolata, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ihanda aitwaye Pastory, na upande wa kijana ulikwenda kujitambulisha rasmi. Kwa desturi ya ziara ile walikwenda wanaume tu. Mama Konsolata alikuwa mjane, familia yake ni ya wale waliotoka Rwanda zamani, na alikuwa ameandaa chumba chake hadi pembe ya mwisho: kuta zimepakwa chokaa, viti vya kuazima vimepangwa, na sakafu ya udongo imetandazwa nyasi mbichi. Kwetu mkwe hakanyagi sakafu tupu. Anatandaziwa nyasi laini zilizokatwa asubuhi ile, na harufu yake ndiyo inayomwambia kwamba alikuwa anangojewa. Nilifika mapema nikapiga picha chache za kupima mwanga, kisha wageni wakaingia, kahawa ya kutafuna ikazungushwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikafuata, nami nikapiga kazi.

Tuliijaribu picha ya wageni wote wameketi, Jumamosi moja ya mvua, kwa programu zote tatu. Tukavuta karibu uso wa mshenga, uso wa Pastory, uso wa Mama Konsolata. Mama wa Nyumbani aliacha vitone kwenye vipaji vya nyuso. Mdadisi alitoa nyuso nzuri lakini hadi amalize tulikuwa tumekula na kuosha vyombo. Mchapakazi alitoa nyuso kama za kalenda. "Huyu," nikasema. Editha alisita kidogo. "Zinateleza mno," alisema. Lakini wateja walikuwa wanapiga simu, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Tukavuta nyuso nyingine mbili, zikawa safi, basi. Hakuna kati yetu aliyeshuka chini ya magoti ya wageni. Tulifanya picha zote za Mabira kwa kitufe kimoja, asubuhi moja, tukachapa albamu mbili, moja ya Mabira, moja ya Ihanda, na tulipokabidhi, Editha akafuta picha mbichi kama ilivyokuwa kawaida. Siku hiyo alininunulia soda.

Nilizisikia habari nikiwa nyuma ya shuka. Wanawake wawili wa Ihanda walikuwa benchini wakisubiri picha za pasipoti, wanaongea Kinyambo bila kujua kuna mtu ndani.

"Albamu ya Mabira umeiona?"

"Nimeiona. Watu wametoka vizuri. Lakini ile sakafu!"

"Bibi Anastela tangu aione hasemi na mtu."

"Aseme nini? Wamewakalisha wanaume wetu kwenye udongo mtupu, kama waliokwenda kudai kodi."

"Labda wale wa kuja hawana nyasi."

"Nyasi ziko kila mahali. Adabu ndiyo haiko kila mahali."

Bibi Anastela alikuwa bibi yake Pastory, aliyemlea tangu mdogo, na katika ukoo ule hakuna lililopita bila yeye kulikubali. Miguu ilimzuia kwenda Mabira, kwa hiyo ugeni ule aliuona kwenye albamu tu. Nilifungua kompyuta nikatazama picha zilizosafishwa. Sakafu ya Mama Konsolata ilikuwa laini kama uji wa ulezi. Mchapakazi alikuwa ameona maelfu ya vijani vyembamba vilivyolala huku na huku, akavichukulia vyote kuwa chenga, akavifuta kwa bidii yake yote. Nikamwita Editha. Alitazama, akakaa kwenye godoro langu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Utauliza, na wale wanaume waliokanyaga nyasi zenyewe? Waliulizwa. Mmoja alisema zilikuwepo. Mwingine alisema anavyodhani zilikuwepo. Wawili walikumbuka rubisi tu. Pastory aliapa, lakini kijana anayetaka kuoa ataapa lolote. Dhidi yao palikuwa na picha, inang'aa, na picha ilikuwa ya mashine, ambayo watu waliiamini kuliko kinywa chochote, hata chetu. Ihanda wakaacha kupeleka salamu Mabira. Siku ya harusi iliyokuwa imezungumzwa ikawa haizungumzwi tena, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba wazee bado wanatafakari. Kwetu wazee wakitafakari namna hiyo, binti huwa anabaki kwao.

Mama Konsolata alikuja mwenyewe kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, albamu ameifunga kwenye khanga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kunitazama. Hakutaka soda. Aliweka albamu mezani, akaifungua, akaweka kidole chini ya viti.

"Nyasi zangu ziko wapi?"

Editha hakujitetea. Alimweleza taratibu, kwa maneno ya kawaida, jinsi ilivyotokea. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. "Basi nitolee ile ya kwanza, kabla mashine haijala," akasema. Editha ikabidi amwambie kwamba ya kwanza imefutwa. Nimeshuhudia watu wakipewa habari za misiba, na wengi hupiga kelele. Yeye alianza kuifunga albamu kwenye khanga yake, polepole, kona kwa kona, na sikuweza kumtazama.

Ndipo nikakumbuka Takataka. Kufuta kwetu kulihusu zilizochaguliwa. Zilizotupwa hazikuwa na siku ya kufutwa kwa sababu hatukuzihesabu kuwa picha. Nikafungua. Katikati ya watu waliofumba macho na waliokatwa vichwa zilikuwepo picha zangu za kupima mwanga, na mojawapo ilimwonyesha Mama Konsolata. Amepiga magoti, ametupa mgongo, nguo ya kazi, mzigo wa nyasi ubavuni. Nusu ya chumba imeshatandazwa, nusu bado. Picha ilikuwa na giza na imejaa chenga, lakini nyasi zilionekana unyasi kwa unyasi, hata zile zilizomng'ang'ania mgongoni. Nilipiga kelele ya furaha. "Mama, hizi hapa!"

"Hiyo hapana," akasema.

Tulidhani hakuona vizuri. Editha akamsogezea kiti. Akakaa, akatazama mikono yake. "Mwanangu, nyasi za wakwe hazitandazwi na mama wa binti. Zinatandazwa na dada zake, na wifi zake. Mama anakuwa ndani, amevaa, anangoja kuitwa. Wageni waliponiuliza nilisema dada zangu wametandaza, wamekwenda jikoni. Waliokuwa jikoni ni majirani." Akakaza fundo la khanga. "Mimi nilikuja nchi hii nimebebwa mgongoni. Walionibeba wamekufa. Wakiiona hiyo watajua sina mtu. Afadhali waseme sina adabu."

Nilielewa wakati huo huo, na nikaona haya kwa kelele yangu. Editha ndiye aliyepata wazo la kumsaidia: tuikate picha, yeye atoke, nyasi zibaki. Ni kazi ya mara moja. Nikaikata, tukamwonyesha. Palikuwa na sakafu, nyasi, na mguu mmoja wa kiti. Tukatazama wote watatu.

"Hizo zinaweza kuwa za nyumba yoyote," Mama Konsolata akasema mwishowe.

Nje jirani alikuwa anageuza kahawa yake kwa reki, na tulisikia kila mkwaruzo. Mama aliinuka, akasogea karibu na kioo, akaitazama tena ile nzima, ile yenye mgongo wake. "Konsolata anampenda yule kijana," akasema, akisema na kompyuta kama alivyokuwa akifanya Editha. Kisha akatugeukia. "Chapeni hiyo. Lakini msiisafishe."

Kwa desturi yeye hakuweza kuipeleka, mama wa binti haendi kwa wakwe kabla ya harusi, kwa hiyo tulikwenda sisi wawili. Bibi Anastela alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha. Wakwilima wake, yaani wake za wanawe, walituletea ndizi na maharage, na hakuruhusu tuzungumze mpaka tumekula. Nilikula bila kuonja kitu. Editha akampa picha kwa mikono miwili. Bibi akaielekeza kwenye mwanga.

"Mbona ina mchanga?"

"Ni chenga, bibi. Zile za albamu tulizisafisha tukafuta na nyasi. Kosa ni letu, si la watu wa Mabira."

Bibi aliipangusa kwa ncha ya kidole. Aliisogeza karibu na jicho moja, kisha jingine. "Huyu ni nani?"

"Ni mama yake Konsolata."

"Mwenyewe?" Picha ikashuka mapajani. "Dada zake wako wapi? Wifi zake?"

"Hana, bibi," Editha akasema. "Hana mtu."

"Na zote hizi kakata yeye?"

"Yeye."

"Kisha akaoga, akavaa, akaja kuwasalimia wale." Aliwatazama wanawe waliokuwa wamekaa ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watu wazima wale wakapata cha kutazama kwenye vidole vyao. Mmoja wa wakwilima akasema kwa furaha kwamba basi neno limekwisha, nyasi zilikuwepo, siku ipangwe. "Ipangwe," bibi akasema, bila kuinua macho. Tulipoaga akatuita turudi. "Mwambieni yule mama asikate nyasi siku ya harusi. Hata unyasi mmoja. Nimesema mimi."

Njia nzima Editha alikuwa akiyageuza maneno yale. Siku imepangwa, lakini nyasi zisikatwe. Je, wanataka akutwe na sakafu tupu kweli, mbele ya watu wote, ili wamlipizie ile aibu ya albamu? Alimfikishia Mama Konsolata ujumbe kama ulivyo kwa sababu hakuwa na haki ya kuupunguza.

Miezi iliyofuata tulifanya kazi tofauti. Tulimnunua Mdadisi na uzito wake wote. Tukajifunza kuchagua sehemu za kusafisha: mashavu na kuta ndiyo, kitenge, nywele na sakafu hapana. Picha mbichi hazikufutwa tena mpaka mteja ameketi na sisi, ameitazama kazi yake, amesema neno. Tulichelewa, na wachache walitukimbia. Vijana ninaowafundisha sasa hunicheka kwamba nikipewa programu mpya, na siku hizi kila mwezi kuna mpya yenye akili kuliko mwenzake, ninavuta kwanza sakafu, halafu nguo, nyuso mwisho. Wacheke. Nyuso programu zote zinajua.

Asubuhi ya kumtoa bi harusi nilikuwa Mabira mapema na kamera. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, na sakafu ilikuwa tupu. Panga lilikuwa limeegemezwa mlangoni, limenolewa. Mama Konsolata alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe, lakini alikuwa anazunguka, anatoka, anatazama majani ya bondeni, anarudi. "Nikikata sasa nitawahi," aliniambia. Konsolata aliita kutoka chumbani, "Mama, amesema usikate," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Mama akalishika panga. Akalirudisha. Akalishika tena.

Pikapu ikapiga honi barabarani. Ilikuwa mapema mno kwa bwana harusi. Nyuma ilikuwa imejaa wanawake wa Ihanda, wakwilima wote na mabinti zao, wamekalia mizigo ya nyasi, nyasi hadi juu ya kichwa cha dereva, bado zina umande. Walishuka wakapita mbele yetu na mizigo kichwani, moja kwa moja hadi ndani, kama watu wanaoijua nyumba. Mmoja, aliyekuwa mkubwa wao, alininong'oneza akipita kwamba wameambiana njia nzima jambo hili halijawahi kufanyika, upande wa kijana kutandaza kwa binti, ila bibi kakataa kusikia.

Bibi Anastela hakushuka. Alikuwa kiti cha mbele, mlango umefunguliwa, miguu yake imening'inia nje. Alimwita mwenye nyumba kwa mkono, naye akaenda, akapiga goti, panga bado mkononi.

"Hilo weka chini, waitu," bibi akasema, akimwita wetu kwa Kinyambo. "Leo kaa. Dada zako tumefika."

Ndani wanawake walikuwa wameshaanza kutandaza na kubishana kuhusu pembe. Mama Konsolata aliweka panga chini. Alitazama nyumba yake, akatazama mikono yake, akatafuta kazi ya kushika, akaikosa. Mtu akatoa kiti.

Akakaa.